Picha Zetu za Beni na Butembo Zinahitaji Wakosoaji

Jumapili ya tarehe 30 Desemba 2018 Wakongo walipiga kura kumchagua rais. Beni na Butembo, miji ya mashariki mwa nchi, hazikupiga. Siku nne kabla, Tume ya Uchaguzi, CENI, ilikuwa imetangaza kwamba kura katika miji hiyo miwili na viunga vyake, pamoja na Yumbi upande wa magharibi mwa nchi, imesogezwa hadi Machi 2019. Sababu zilizotajwa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Kufikia Machi rais angekuwa ameshaapishwa. Wakazi wa Beni wakaandaa uchaguzi wao wa mfano: wakanawa mikono, wakapanga mstari, wakapiga kura ambayo hakuna tume ingeihesabu. Picha za mstari ule zikazunguka dunia.

Ukizitazama picha za namna hiyo kwa jicho la mhariri, unaona upesi ipi inabeba ujumbe na ipi haibebi. Picha ya sanduku la kura peke yake haisemi kitu. Picha ya mtu mmoja anayetabasamu na karatasi mkononi ni kumbukumbu njema kwake na kwa jamaa zake. Picha ya mstari ndiyo hoja yenyewe. Wakubwa walisema watu wa Beni hawawezi kukusanyika salama. Mstari ulionyesha watu waliokusanyika kwa utaratibu, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Lakini hata mstari unaweza kuharibiwa na mpiga picha. Ukisimama ubavuni mwake unapata mabega na migongo michache, na mstari unageuka kundi. Ukisogea pembeni karibu na kichwa cha mstari, ukainua simu juu kidogo, nyuso za mbele zinasomeka na mkia unapotelea mbali, na anayetazama anaelewa kwamba watu ni wengi bila kuhesabu. Hatua tatu za miguu zinatosha kutenganisha picha hizo mbili. Simu ni ileile, watu ni walewale, jua ni lilelile.

Hapo ndipo ukosoaji wa picha unapoanzia, na hapo ndipo sisi tunapokosa. Miji hii miwili, iliyotengana kwa kilomita zipatazo 50 za barabara ya taifa namba 2, imepigwa picha na watu wake kuliko inavyodhaniwa. Wapo wanahabari wenye ujuzi: Al-hadji Kudra Maliro wa Beni alipeleka picha za mlipuko wa Ebola kwenye shirika la Associated Press, na mwaka 2020 mpiga picha Finbarr O'Reilly, aliyezuiwa na korona kusafiri kwenda Kongo, aliwafungulia mlango waandishi na wapiga picha Wakongo katika mradi wa tuzo ya Carmignac. Lakini wingi wa picha za Beni na Butembo haukutoka kwao. Umetoka kwa waendesha pikipiki, wanafunzi, wauguzi, wachuuzi wa kakao, vijana wa harakati kama LUCHA, na wale wapiga picha wa kutembea wanaongoja mlangoni mwa kanisa siku ya ubatizo. Hao ndio mashahidi wetu wakuu, na hakuna anayewaambia ukweli kuhusu kazi zao. Wanaambiwa picha ni nzuri, wanawekewa vidole gumba na mioyo, kisha kesho wanapiga vilevile.

Nasema hivi kwa uzito kwa sababu nchi hii inajua picha ya mtu asiye fundi inaweza kufanya nini. Mwezi Mei 1904, katika misheni ya Baringa, Ikweta, mwanamke Mwingereza aitwaye Alice Seeley Harris alipiga picha ya Nsala wa kijiji cha Wala. Hakuwa mpiga picha wa kulipwa. Alikuwa mmisionari mwenye kamera. Nsala alifika misheni na kifurushi kilichofungwa kwa majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Harris alimketisha Nsala ukingoni mwa baraza na kuviweka viungo vile mbele yake.

Itazame picha hiyo kama utunzi. Harris hakukisogelea kiganja cha mtoto kukijaza kwenye fremu. Alirudi nyuma mpaka akampata baba mzima, ameketi, ametazama chini. Jicho linamwona mwanamume kwanza. Linafuata anakotazama. Ndipo linapokuta vile vitu viwili vidogo sakafuni, na huchukua muda kutambua ni nini. Kuchelewa huko ndiko kunakoumiza. Angeanza na viungo, tungeshtuka na kugeuza uso. Alianza na baba, na tukifika kwenye viungo tumeshakuwa upande wake, hatuwezi tena kuondoka. Picha hiyo ilionyeshwa kwa taa ya kumulika ukutani katika mikutano ya Chama cha Mageuzi ya Kongo huko Uingereza, mbele ya watu waliokuwa hawajawahi kumwona Mkongo. Mwaka 1905 mwandishi Mark Twain alitoa kijitabu ambamo Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo wakati huo, anailalamikia kamera kuwa shahidi mmoja asiyeweza kumhonga. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo. Picha peke yake haikufanya hayo, kulikuwa na ripoti, wanasiasa na miaka ya kelele. Lakini bila picha zile za misheni ripoti zingebaki karatasi.

Sasa rudi Beni. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yamezalisha picha ambazo karibu kila mwenye simu Kivu ya Kaskazini amezipokea bila kuziomba. Miili imelazwa kwa mstari, imepigwa kutoka juu, na mtu aliyesimama. Nyuso ziko wazi. Nyuma hakuna mti unaotambulika wala nyumba, hakuna jina la mtaa. Chini, kwa herufi nyekundu, pengine limeandikwa jina la ukurasa wa aliyeipiga.

Nina mambo ya kusema juu ya picha hizi, na sitayapunguza makali. Kumpiga picha marehemu kutoka juu, karibu, bila mahali wala jamaa, ni kumwondolea kila kitu kilichomfanya kuwa mtu wa Beni. Picha hiyo ingeweza kutoka popote, na kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuikana. Mama anaweza kumtambua mwanawe kwenye kundi la WhatsApp kabla hajaletewa habari na wazee wa familia. Na kuandika jina lako juu ya maiti ya mtu ni aibu ambayo hakuna hoja ya umaarufu inayoweza kuifuta. Mpiga picha wa namna hii mara nyingi anajitetea kwamba dunia lazima ione. Dunia imeona kwa miaka zaidi ya kumi. Kinachokosekana ni picha inayomfanya mtazamaji amjue aliyekufa alikuwa wa nani na wapi, kama Harris alivyotufanya tumjue Nsala.

Kuna picha za aina mbili hapa na hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni ya ushahidi. Hiyo ina kanuni zake: piga kwanza kwa upana, ili barabara, paa la shule, minara au kilima kinachojulikana kionekane, kisha sogea, kisha alama ndogondogo. Usipake rangi, usikate, usiandike juu yake. Hifadhi faili ya asili kama ilivyotoka kwenye simu, kwa sababu WhatsApp huibana picha na kuondoa taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani yake. Picha hiyo ipewe mchunguzi, mwanasheria, shirika la haki za binadamu linaloaminika. Haina kazi katika makundi ya mtaani. Ya pili ni picha ya umma, na hiyo ndiyo inayotaka utunzi: umati uliokaa kimya nje ya chumba cha maiti, majeneza na watu wanaoyabeba wakionekana nyuso kama wameridhia, shamba la kakao lililoiva bila mvunaji kwa sababu njia ya kuliendea haipitiki. Zao hilo limekuwa tegemeo la maelfu ya familia za Beni. Picha ya maganda yaliyooza juu ya mti inaeleza vita kwa mtu wa Mombasa au Mwanza ambaye amechoka kuona damu.

Ebola ilituletea tatizo lingine, la mwangaza, na hili limezungumzwa kidogo mno. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, katika eneo la Beni, ulimalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki. Karibu kila picha ya miaka ile ina vazi la kinga, mara nyingi jeupe au la rangi nyepesi. Simu hupima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Ikikuta weupe mwingi, hupunguza mwanga ili weupe usiungue, na mtu mweusi aliye kando anazama gizani. Ndiyo maana katika picha nyingi za wakati ule mhudumu aliyefunikwa mwili mzima anaonekana waziwazi mpaka mikunjo ya nguo, na mgonjwa ambaye uso wake uko wazi ni kivuli tu. Mtu ambaye picha ilipaswa kuwa yake ndiye asiyeonekana.

Hili lina historia ndefu kuliko simu. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi za filamu kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi sahihi. Kampuni za simu zimeanza kulishughulikia jambo hili karibuni tu: Google ilitoa teknolojia yake ya rangi za ngozi mwaka 2021. Simu nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya Butembo ni za bei nafuu na hazina msaada huo. Lakini dawa ipo kwenye kidole: gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, na simu itapima mwanga wa uso ule. Vazi la kinga litang'aa kupita kiasi. Acha ling'ae.

Tena kulikuwa na nafasi iliyopotea. Shirika la ALIMA lilitumia Beni chumba cha matibabu chenye kuta za plastiki angavu, kiitwacho CUBE, ili jamaa wamwone mgonjwa wao na kuzungumza naye. Mahali ambapo uvumi ulidai wagonjwa wanaingizwa mahemani kuuawa, picha ya mama na mwana wakitazamana kupitia plastiki ile, iliyopigwa kwa ruhusa yao na usawa wa macho yao, ingefanya kazi ambayo vipaza sauti vya magari havikuweza. Picha nyingi zilizosambaa zilikuwa za ua, mahema na dawa ya klorini, zilizopigwa kutoka nje na kwa mbali. Ukiona kituo namna hiyo unaogopa, na una haki ya kuogopa. Sisemi picha mbaya ndizo zilizochoma moto vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo mwezi Februari 2019, wala kwamba ndizo zilizomuua Dkt. Richard Mouzoko, aliyekuwa akipambana na Ebola, katika Butembo tarehe 19 Aprili mwaka huohuo. Chuki ile ilikuwa na mizizi ya siasa, fedha na vita. Nasema tu kwamba hofu ilikuwa na picha zake, na imani ilizikosa.

Si kila picha ya miji hii ni ya msiba, na ningesikitika kama msomaji angebaki na fikra hiyo. Butembo ni mji wa biashara, wenye bidhaa kutoka Dubai na China madukani na maharusi kila Jumamosi. Hapo mwalimu wa kwanza ni jua. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta: jua linachomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima na kupanda wima, na kufikia saa tatu limeshamaliza nusu ya safari ya kufika utosini. Mwanga laini wa asubuhi, unaodumu muda mrefu katika nchi za Ulaya, hapa unapita haraka. Bwana harusi anayesimamishwa saa sita mchana katikati ya uwanja hupata mashimo meusi mahali pa macho, na pua yake hudondosha kivuli juu ya midomo. Msogezeni barazani. Ukingo wa kivuli cha paa, uso ukielekea nje kwenye uwazi, hutoa mwanga ambao studio za mijini hulipia fedha nyingi, na kila nyumba ya Butembo na Beni ina paa. Siku ya mawingu, na za mawingu ni nyingi huko juu Butembo, ni baraka ambayo wapiga picha wengi huiona kama hasara.

Nyuma ya watu pia patazamwe. Wapiga picha wetu hutazama uso na kusahau nguzo ya umeme inayoota kichwani mwa bibi harusi. Wakati mwingine hufanya kinyume: wanataka mnara wa mzunguko wa barabara uonekane wote, na mhitimu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben anakuwa mdogo kama kidole. Chagua mmoja. Anayeisukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili, yenye mzigo wa makaa kupanda kilima hupigwa karibu kila mara kutoka nyuma au kutoka dirishani mwa gari, kwa hiyo tunapata mzigo na hatupati mtu. Shuka, tangulia mbele, msalimie, omba ruhusa, piga magoti kidogo. Jasho na kilima vitaingia vyenyewe. Na milima ya Rwenzori, ambayo asubuhi isiyo na ukungu huonekana kutoka Beni, isipigwe peke yake na lenzi pana ya simu: kilele cha mita 5,109 kinakuwa mstari mweupe usio na maana. Kipe jirani, mtu au paa au mgomba, ili jicho lipate kipimo.

Vichujio vya kulainisha na kuweupisha ngozi sitavitetea hata kidogo. Dada wa Beni aliyetolewa rangi yake, akapunguzwa pua na kuongezwa macho, amepigwa picha ya mtu mwingine. Wajukuu wake watakapomtafuta katika picha hiyo hawatamkuta.

Lipo jambo moja ambalo watu hawalihesabu katika utunzi wa picha, nami nalihesabu kuwa la kwanza: maelezo yaliyo chini yake. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka katika Sange, Kivu ya Kusini, na kuua zaidi ya watu 200. Picha za miili iliyoungua zilisafiri bila maelezo. Miaka baadaye ziliibuka mitandaoni zikidaiwa kuwa za Wakristo waliochomwa moto Nigeria, na watu walizitumia kuchochea ghadhabu dhidi ya majirani wasio na hatia. Wafu wa Sange walinyang'anywa hata ajali yao. Picha za Beni ziko katika hatari hiyohiyo kila siku, na zinaingia hatarini pande zote mbili: picha za kwingine zinaletwa kwetu, zetu zinapelekwa kwingine. Sheria ya Kongo ya mwaka 2023 kuhusu mambo ya kidijitali inaadhibu usambazaji wa habari za uongo, lakini sheria haiwezi kuandika maelezo ambayo mpiga picha hakuyaandika.

Basi ukosoaji ufanyike vipi? Watu watano wakutane na picha tano. Aliyepiga anyamaze. Wenzake waseme jicho lao limetua wapi kwanza, kisha likaenda wapi, na likakwama wapi. Waseme wanadhani nini kinatendeka. Ndipo aliyepiga aeleze alichokusudia, na wote wapime umbali kati ya kusudi na kilichoonekana. Waulize alisimama wapi na angeweza kusimama wapi. Waulize kama aliye ndani ya picha alijua na kukubali, na kama ni mkimbizi wa vita au mwanamke aliyetendewa ukatili, je, kuna mtu anayeweza kumtambua kwa mlango au kitambaa kilicho nyuma yake? Maneno kama "nzuri" na "mbaya" yasiruhusiwe mpaka mwisho.

Redio pia zinaweza kusaidia, ingawa redio haina picha. Redio Moto inasikika Butembo hadi Oicha. Kipindi cha nusu saa ambamo mtu anaieleza picha kwa maneno kwa wasikilizaji wasioiona kingekuwa mtihani mkali: picha isiyo na kitu cha kusimuliwa itajulikana ndani ya dakika moja. Shule za sekondari, vyuo, vikundi vya vijana vya parokia na vya misikiti vina vyumba vya kutosha, na picha zimeshajaa kwenye simu zao.

Kwa hiyo, ndugu unayesoma haya Bulengera, Kimemi, Mulekera au Rwenzori ya Beni: chagua picha moja uliyoipiga mwezi huu, mpe mtu asiyekuogopa, umwombe akuambie anachokiona kabla hujamweleza lolote. Kisha andika chini yake mahali, tarehe na tukio. Na ile ya maiti uliyotumiwa jana, usiipeleke mbele.